Hadithi ya mhami inaanzia wapi? Swali kwa wanaofundisha sinema vyuoni

Ndugu wahami munaosoma hapa kwenye simu ya jirani, leo sizungumzii bei ya unga wala barabara ya Sake. Nazungumzia somo la chuo. Ni lile somo ambalo vijana wetu wenye kamera wanajifunza namna ya kupanga hadithi ndani ya filamu: ianze wapi, imfuate nani, igeuke wapi, iishe wapi. Mutasema, hilo linatuhusu nini sisi tunaolala juu ya mawe ya volkano? Linawahusu kuliko watu wote. Kijana anayefika mahali mulipo na kamera amekwisha kufundishwa hadithi yenu itakavyokuwa kabla hajawauliza majina.

Ugomvi wangu ni na walimu wake. Muundo wa hadithi lazima ufundishwe, tena kwa miaka, si kwa juma moja. Lakini hapa kwetu, vyuoni na kwenye mafunzo ya haraka yanayolipwa na wahisani, unafundishwa muundo mmoja, unafundishwa nusu, kisha unaitwa sheria. Na ile nusu inayoachwa ndiyo ambayo ingewatetea ninyi.

Kwa yule ambaye hakukaa darasani, sheria yenyewe ni hii. Filamu ina sehemu tatu. Katika ya kwanza tunamjua mhusika mkuu na kile anachokitaka. Katika ya pili anapambana na vizuizi. Katika ya tatu anapata au anakosa. Kati ya sehemu na sehemu kunatokea jambo linalogeuza safari. Mmarekani Syd Field aliyapanga hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1979, kwa watu waliotaka kuuza senario Hollywood: kurasa 120, ukurasa mmoja kwa dakika moja, geuko la kwanza karibu na ukurasa wa 25, la pili karibu na ukurasa wa 85. Kuna pia ile inayoitwa safari ya shujaa. Joseph Campbell aliiandika mwaka 1949 akitafuta mfano mmoja ndani ya hadithi za kale za dunia nzima. Miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akifanya kazi Disney, akaifupisha kuwa kurasa chache za maagizo ya kazi, na mwaka 1992 akaitoa kitabu. Leo mwanafunzi wa Goma anakariri hatua zake 12 kama mtoto wa katekisimu.

Mimi si adui wa vitabu hivyo. Hata sisi wa redio tuna sheria yetu: jambo kubwa kwanza, mengine baadaye, kwa sababu msikilizaji anaweza kuitwa na mtoto wakati wowote. Kila kazi ina namna yake. Swali ni hili: namna hii ilitengenezwa kwa ajili ya nani, na kwa kazi gani? Mrusi Vladimir Propp, mwaka 1928, alichukua hadithi karibu 100 za watu wa kwao, akazisoma zote, akahesabu matendo 31 yanayojirudia ndani yake. Alianza na hadithi za kwao, kiisha akachora muundo. Sisi tunaanza na mchoro wa wengine, kiisha tunakata watu wetu mpaka waingie.

Sasa tuangalie filamu ile munayoijua. Hakuna haja ya kuitaja jina, ziko nyingi na zinafanana kama mabido kwenye bomba. Inaanza na droni juu ya kambi, hema nyeupe mpaka mwisho wa macho, Nyiragongo ikitoa moshi nyuma. Muziki wa huzuni. Mama ameketi, anasimulia usiku wa risasi, analia. Mtoto anaangalia kamera. Kiisha gari jeupe linapita kwenye tope. Mgao. Mama anapokea karatasi yake, anatabasamu. Maandishi meupe juu ya weusi, alama ya mfadhili, mwisho.

Mpe mwanafunzi wa mwaka wa kwanza filamu hiyo umwulize swali la kwanza kabisa la somo lake: nani anataka kitu hapa? Kama alisoma vizuri atashtuka. Mama hataki kitu. Hakuulizwa anataka nini, aliulizwa amepoteza nini. Anayetaka ni shirika: linataka kufika, linazuiwa na tope na vituo vya ukaguzi, mwishoni linafika. Sehemu tatu zimetimia. Kwa sheria yao wenyewe, shujaa wa filamu hiyo ni gari.

Ndiyo maana nasema unafundishwa nusu. Walimu wanafundisha mahali pa kuweka geuko, dakika ya ngapi machozi, dakika ya ngapi tumaini. Swali la nani mwenye kutaka, ambalo Syd Field mwenyewe analiweka mbele, wanalipita mbio. Na kwa mhami swali hilo ndilo zito kuliko yote. Mtu asiyetaka kitu kwenye hadithi ni sawa na meza au mti, unaweza kumhamisha unavyopenda.

Nilikuwa nimesimama kwenye kambi moja magharibi ya Goma, kabla ya kambi kuvunjwa, wakati kundi moja la vijana lilipomwomba mama wa Masisi apite na bido la maji mgongoni. Akapita. Wakamwomba tena, jua lilikuwa baya. Akapita mara ya tatu. Kiisha yeye naye akawaomba jambo: kama wangeweza kufika Kitchanga na kamera ile, wamwonyeshe nani anavuna maharagwe yake. Wakamjibu kwa upole kwamba hiyo ni filamu nyingine.

Hapana. Hiyo ndiyo ilikuwa filamu. Mama ana shamba, hana barua ya shamba, mtu mwingine anavuna, na yeye anataka kumjua. Kuna mhusika, kuna anachokitaka, kuna kizuizi, kuna hata siri ya kutafuta. Mwandishi wa Hollywood angelipa pesa kupata mwanzo kama huo. Vijana wetu, wenye cheti, waliukanyaga wakienda kutafuta mwanga wa jua.

Na tuseme wangemsikiliza. Hadithi yake ingeanzia wapi? Hapa tunafika kwenye jambo ambalo halifundishwi kabisa, na sijui kama ni uvivu au ni woga. Ukianza na Januari 2025, Goma inapoingia mikononi mwa M23, mtazamaji wa mbali atadhani vita ni mambo ya wiki moja. Ukianza na Bunagana, Juni 2022, unamweka mtu mwingine mbele ya baraza. Ukianza na Novemba 2012, kundi hilohilo lilipouchukua mji huu mara ya kwanza, utalazimika kueleza liliondokaje na likarudije. Ukianza na Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda wakivuka mpaka na kipindupindu kikiwaua hapa mjini, utakuwa na filamu nyingine. Na ukianza na sheria ya ardhi ya mwaka 1973, iliyosema ardhi yote ni mali ya Serikali, basi mama wa Kitchanga na maharagwe yake wanakaa katikati ya hadithi na askari wote wanakuwa pembeni. Kila mwanzo una mshitakiwa wake. Sisemi hapa upi ndio wa haki. Siku hizi mtu wa redio anapima maneno yake, munajua kwa nini. Nasema mwanafunzi anayemaliza chuo bila kuelewa kwamba amechagua mshitakiwa siku alipochagua picha ya kwanza, huyo hakusoma muundo wa hadithi. Alisoma kubonyeza.

Mwisho nao ni vilevile. Filamu ngapi zilizopigwa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya ziliishia na mgao na tabasamu? Februari 2025 kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi makwao, wengine kwenye vijiji ambavyo nyumba zilikuwa zimechomwa au mtu mwingine ameingia. Tabasamu lile bado linazunguka kwenye simu, na yule mama hajulikani analala wapi. Filamu ilifungwa mahali ambapo mfadhili alitaka kutokea mlangoni.

Kuna Wakongomani waliofanya vingine, na filamu zao zingepaswa kuwa chakula cha kila siku darasani. Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani, alitengeneza "Examen d'État" mwaka 2014. Anafuata wanafunzi waliofukuzwa shule kwa sababu hawakulipa pesa za walimu, nao wanajifungia kwenye nyumba moja kujitayarisha kwa mtihani wa Serikali. Angalieni ujanja wa muundo huo: hakuna haja ya mwandishi kubuni saa inayohesabu. Tarehe ya mtihani iko, nchi nzima inaijua, kila mzazi wa Kongo anaingia na tumbo la moto. Mwaka 2017 akatoa "Maman Colonelle", juu ya mwanamke polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani, huko akakuta majeraha ya vita ya zamani ambayo hakuna aliyeyashughulikia.

Lakini ile ninayotaka kila mwalimu aipasue dakika kwa dakika mbele ya wanafunzi ni "En route pour le milliard" ya mwaka 2020. Munakumbuka Vita vya Siku Sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yakipigana ndani ya Kisangani. Watu waliokatwa miguu na mikono siku zile wanaungana, wanapanda mashua kubwa ya mizigo, wanateremka mto mpaka Kinshasa kudai malipo yao. Wanalala juu ya mizigo, mvua inawapiga, wanagombana, wanaimba. Hakuna sauti ya mtaalamu juu ya picha, hakuna gari jeupe. Anayetaka ni yule mwenye magongo, na anataka kwa sauti kubwa tangu dakika za kwanza. Katikati ya safari filamu inakatizwa na jukwaa, ambapo wao wenyewe wanacheza mateso yao kama tamthilia, kwa namna waliyoichagua wao. Kwa sheria ya darasani hilo ni kosa, linasimamisha safari. Kwangu mimi hapo ndipo filamu inapumua, kwa sababu ndipo walemavu wa Kisangani wanapokuwa waandishi.

Na haimalizi na hundi. Kinshasa hawakupewa walichokifuata. Mtu wa mafunzo ya haraka angelalamika kwamba sehemu ya tatu imekosekana. Februari 2022, filamu ikiwa imekwisha kuzunguka dunia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita vile. Kumbe hadithi ilikuwa bado inatembea, na Hamadi hakujifanya ameifunga.

Walimu wengine wataniambia: sawa, lakini miundo mingine tutaitoa wapi, vitabu ni hivi tulivyo navyo. Jibu liko Walikale. Ndiyo, Walikale, teritware ambayo wengi kati yenu mumeikimbia. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga aitwaye Candi Rureke alisimulia, kwa kuimba na kucheza, muda wa siku 12, hadithi kubwa ya Mwindo. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, ambaye ni Mnyanga mwenyewe, wakaiandika, na mwaka 1969 ikatoka kitabu Marekani, Kinyanga na Kiingereza pamoja. Huko nje inasomwa vyuo vikuu. Waulizeni vijana wa sinema wa Goma wangapi wameisikia.

Mwindo anazaliwa akitembea na akisema. Baba yake, chifu Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume, anajaribu kumwua, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto anaokoka, anakwenda kwa shangazi yake Iyangura, anarudi kupigana, baba anakimbilia chini ya ardhi, mtoto anamfuata mpaka anamkamata. Kwa Hollywood hapo taa zinawashwa, watu wanakwenda nyumbani. Kwa Wanyanga bado. Mwindo hamwui baba yake. Wanarudi, waliokufa vitani wanafufuliwa, watu wote wanaitwa, na baba anakiri makosa yake mbele ya baraza. Utawala unagawanywa. Na bado. Shujaa wetu amejaa majivuno, anaua mnyama wa kutisha ambaye kumbe ni rafiki wa Nkuba, umeme. Nkuba anamchukua mbinguni kwa mwaka mzima, mvua inampiga, jua linamchoma, baridi inamtesa, mpaka ajifunze. Anaporudi anawapa watu sheria za kuishi pamoja.

Tazama umbo lake. Ushindi uko katikati. Baada ya ushindi kuna kukiri, baada ya kukiri kuna adhabu ya mshindi mwenyewe, na mwishoni kuna sheria. Nitajie kitu tunachokihitaji zaidi hapa Kivu, ambako kila mwenye bunduki anajiona ni sehemu ya tatu ya filamu yake. Muundo huu haukutoka kwa mtu aliyetaka kuuza senario. Ulitoka kwa watu walioketi kando ya moto, wakiitikia wimbo wa msimulizi, wakimpa zawadi aendelee. Sijui filamu ya dakika 90 yenye umbo hilo ingekuwaje, na ndiyo kazi ya chuo kujaribu. Chuo kisichojaribu ni duka la vyeti.

Wengine wanavuka upande wa pili: wanasema basi tuache kusoma, hadithi iko damuni, bibi yangu hakwenda shule ya sinema. Hao siwaungi mkono. Bibi yako alisomea kazi yake miaka 20 miguuni pa bibi yake. Na sehemu tatu zinaweza kufanya kazi nzuri mikononi mwa anayejua. Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, alitengeneza na Benoît Lamy "La Vie est belle" mwaka 1987: mwanamuziki wa kijijini, ni Papa Wemba mwenyewe, anafika Kinshasa anataka kuimba, anakutana na vizuizi, vichekesho, mapenzi. Umbo jepesi kabisa, na watu waliipenda. Kiisha katika "Pièces d'identités", iliyompa zawadi kubwa ya tamasha la Ouagadougou mwaka 1999, akaigeuza safari yenyewe: mfalme mzee wa Kongo ndiye anayekwenda Ubelgiji kumtafuta binti yake, na Wabelgiji ndio wanaotazamwa. Alizijua sheria, akaamua mwenyewe lini zimtumikie.

Najua pia neno la njaa. Wanafunzi wananiambia: mfadhili analipa filamu ya dakika sita, anataka machozi na tabasamu, na mwenye nyumba yuko mlangoni anadai kodi. Siwalaumu wao. Mtu anachukua kazi iliyopo. Lakini chuo si ofisi ya mfadhili. Anayejua miundo mitano anaweza kumwambia mteja: nipe siku moja zaidi, nimfuate huyu mama na swali lake, filamu yako itakuwa na nguvu zaidi. Anayejua mmoja hana cha kusema, anabeba kamera tu.

Kwa hiyo, walimu, kwenye mtihani wa somo hili acheni kuuliza hatua ya saba ya shujaa ni ipi. Mpeni mwanafunzi picha alizopiga mwenyewe, mwambieni azipange kwa mianzo mitatu tofauti, kiisha aeleze kila mwanzo unamshitaki nani na unamsamehe nani. Mwulizeni mtu aliyempiga picha alitaka nini, kwa maneno ya mtu huyo, si ya mwanafunzi. Someni Mwindo. Isomeni kwa Kinyanga kama kuna mwanafunzi wa Walikale darasani, na hakosi.

Nanyi ndugu wahami, kamera ikija, muna haki ya kuuliza kabla ya kuketi. Hadithi yangu mutaianzia wapi? Mutaiishia wapi? Ndani yake mimi nataka nini? Na nitaiona lini, kabla au baada ya wazungu wa ofisini? Kama hana jibu, bido lako ni zito, usipite nalo mara ya tatu.

Jambo la mwisho ni la vyuo. Siku ya kutetea kazi ya mwisho, mwanafunzi anasimama mbele ya meza ya walimu wanaoitazama filamu na kutoa alama. Nadai kiti kimoja zaidi kwenye meza hiyo, kwa ajili ya mmoja wa watu waliopigwa picha, naye apewe muda wa kusema na alama zake zihesabiwe. Tusiambiwe habari ya usafiri. Nauli ya moto tutachanga hapa redioni.